Karibu Kuliko Tulivyodhani: Siku Tatu Kinakomba

Katika nyumba yetu ya Malindi, safari ya Kinakomba ilikuwa ahadi ya kila Idi. Kila Idi mama yetu alisema, "Idi ijayo, inshaallah, tutakwenda kwa mama mdogo". Na kila Idi likazuka la kuzuka: harusi Mombasa, mgonjwa wa kuuguzwa, karo za shule, barabara kukatwa na maji. Hivyo ikapita miaka 14. Sisi dada watatu tuliokuwa wasichana katika safari ya mwisho, ya hitima ya mjomba, sasa ni akina mama, na watoto wetu hawakuweza kuonyesha Kinakomba iko upande gani wa ramani.

Likizo ya Disemba watoto walikuwa na mipango yao. Walitaka Mombasa, wakaone meli za Kilindini na wale aiskrimu ufuoni. Tulipohesabu nauli, malazi na chakula cha watu 10, mkoba ulikataa. Hapo mama akasema kwa utulivu, "Basi twendeni kwetu."

"Kwetu wapi, bibi?" akauliza mtoto wetu wa miaka 9.

"Kinakomba."

Kaka yake akadakia, "Si kule kwenye mafuriko?"

Mama hakumjibu. Aliikunja leso yake mapajani, akaikunjua, akaikunja tena. Usiku ule akampigia simu ndugu yetu wa kiume atafute gari.

Hatumlaumu mtoto. Ziko nchi ambazo majina yake hutufikia kwa misiba tu. Mto Tana ukitajwa katika habari, watu huona mapaa yaliyozama, kama ilivyokuwa katika mafuriko ya mwishoni mwa 2023. Hola ikitajwa, waliosoma historia hukumbuka tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 walipopigwa hadi kufa katika kambi ya Waingereza. Delta ikitajwa, hukumbukwa damu iliyomwagika kati ya wakulima na wafugaji mwaka 2012 na mwanzo wa 2013. Yote hayo ni kweli, wala si haki kuyasahau. Lakini watu wa nchi hiyo hupika, huoza, husomesha, hulima na hucheka katika siku zote zilizo baina ya misiba, na siku hizo ndizo nyingi. Sisi wenye damu ya huko tulikuwa tumezisahau sawasawa na wageni.

Tuliondoka baada ya sala ya Alfajiri. Tukapita Gongoni na Marereni, penye mashamba ya chumvi yanayometa jua linapochomoza. Hadi hapo ni nchi tuliyoizoea. Minjila, wanaokwenda Garsen, Witu na Lamu hukata kulia. Sisi tukaendelea na njia ya kaskazini, ya Hola na Garissa. Mama akawakumbusha watoto kwamba leo tutasali sala ya msafiri, kwa kukusanya na kupunguza.

"Lakini bibi, ulisema ni karibu," akasema yule mdogo.

"Ni karibu," mama akamjibu, "lakini ni safari." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza, "Na mimi nimeifanya ikawa mbali zaidi."

Baada ya Minjila nchi ni tambarare. Miti ya miiba, vichuguu, udongo uliopasuka, ng'ombe wenye pembe wakifuatwa na kijana mwenye fimbo mabegani, kisha miiba tena. Watoto walinuna. Joto likapanda mpaka vyuma vya viti havishikiki. Mkubwa wao akanong'ona kwamba afadhali wangebaki nyumbani watazame katuni, nasi tukajifanya hatukusikia, maana hata sisi tulianza kushuku.

Kinakomba ni mojawapo ya wadi nne za jimbo la Galole, pamoja na Chewani, Mikinduni na Wayu. Jina lake ni la mojawapo ya matapo ya Wapokomo wa juu. Tuliiacha barabara kuu tukashika njia ya vumbi kuelekea mashariki, upande wa mto. Kwa muda mfupi hakuna kilichobadilika. Halafu, kama pazia lililovutwa, tukaingia kivulini. Mikuyu yenye mashina mapana kama vyumba, mikindu iliyosongamana, migomba, miembe mikubwa iliyoinamishwa na matunda. Hewa ikawa na unyevu na harufu ya majani. Watoto wakatoa vichwa madirishani. Yule aliyekuwa akinong'ona akasema kwa sauti, "Mama, hapa pametokea wapi?"

Pametokea mtoni. Nyika ile hupata mvua haba, na msitu huu haungekuwapo lau si maji yanayopenya chini ya kingo na mafuriko yanayoilowesha ardhi. Ndiyo maana kijani kile ni kama utepe: mwembamba, umeufuata mto kila unapojipinda, na ukitoka nje yake hatua chache umerudi kwenye miiba. Tana ndio mto mrefu kuliko yote ya Kenya, kiasi cha kilomita 1,000, kutoka milima ya Nyandarua na Mlima Kenya hadi Kipini, unapokutana na bahari. Wapokomo huuita Tsana. Rangi yake siku ile ilikuwa ya chai ya maziwa, na ulikwenda kimya, bila haraka, kama mtu anayejua kwamba hakuna wa kumzuia.

Bibi mdogo alikuwa ameketi kwenye mkeka barazani. Umri umempunguza mwili, lakini macho yake hayajapungua. Tulipiga magoti mmoja baada ya mmoja. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, wajukuu zangu, marahaba." Zamu ya mama ilipofika, hawakuamkiana. Mama alikilaza kichwa begani kwa yule mzee, naye akampapasa mgongo kama mtu anayembembeleza mtoto mchanga. Baada ya kitambo akasema neno moja tu: "Umechelewa." Hakulisema kwa lawama. Alilisema kama mtu anayeuliza kama chakula kimepoa.

Na chakula hakikupoa. Ilikuwa kambale wa kukaushwa kwa moshi, aliyepikwa mchuzi mzito wa nyanya na ukwaju, pamoja na ndizi mbichi za kuchemsha na kunde za kusongwa. Tuliokulia samaki wa bahari tulikuwa tukimdharau samaki wa mto, tukisema ana ladha ya tope. Siku ile tuliyameza maneno yetu pamoja na tonge. Furaha nyingine ilitujia katika lugha. Watoto walidhani watahitaji mkalimani. Kumbe Kipokomo na Kiswahili ni ndugu, na kufikia jioni walikuwa wakicheza na binamu zao, kila mmoja akisema cha kwao na kuelewa nusu, nusu nyingine wakiimalizia kwa kicheko.

Usiku ulikuwa na joto, na kitinda mimba wetu wa miezi 8 akakataa kulala. Tulimbeba kwa zamu, tukamsomea, tukampepea, hakunyamaza. Bibi mdogo akanyosha mikono, akampokea, akaanza kumwimbia polepole, huku akipigapiga mgongo wake kwa kiganja. Sauti ilikuwa ya kizee, lakini tuni ilikuwa imenyooka. Kijana wetu wa miaka 12, aliyekuwa amejilaza kwenye mkeka, akainuka akaketi.

"Bibi, mbona unaimba Wimbo wa Taifa?"

Bibi mdogo akacheka mpaka mtoto akafumbua macho. "Mimi niliimbiwa hivi na mama yangu," akasema, "na yeye na mama yake. Taifa ndilo lililokuja kuuomba."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kenya ilipokaribia uhuru, mwaka 1963, kamati ya wanamuziki ilitafuta tuni ya wimbo wa taifa, ikaichukua ya wimbo wa kubembeleza watoto wa Wapokomo. Na miongoni mwa waliofanya kazi hiyo alikuwamo mzee Meza Galana, wa huku huku Tana River. Sisi tulilijua jambo hili kama watu wanavyojua jibu la mtihani. Watoto wetu walilijua usiku ule kwa masikio yao, gizani, kutoka kwa nyanya ya bibi mdogo hadi kwa mdogo wao aliyelala. Asubuhi tulimsikia yule wa miaka 9 akimwambia binamu yake kwa fahari, "Ule wimbo ni wa kwetu." Mama alikuwa akichambua mchele, mikono yake ikasita juu ya ungo.

Baada ya kifungua kinywa tulivuka mto. Shamba la ukoo liko ng'ambo ya pili, na mtumbwi ni gogo moja lililochongwa, hauna mbao za kuunga wala misumari. Kijana wa ukoo alisimama nyuma na upondo, akatupanga kama mizigo: wazito katikati, watoto baina ya magoti yetu, mikono ndani. Mikono ndani kwa sababu mto una mamba na viboko, na wenyeji hawafanyi mzaha katika hilo. Tulivuka tukisoma kila dua tuliyohifadhi. Yeye alivuka akipiga mluzi.

Katika miti ya ng'ambo tulisikia kelele za tumbili, nasi tukaambiwa kwamba chini zaidi ya mto, kwenye hifadhi iliyotengwa mwaka 1976, wako mbega wekundu wa Tana, ambao hawapatikani popote duniani isipokuwa katika misitu ya mto huu. Watafiti wamevuka bahari kuja kuwatazama. Sisi, tulio mwendo wa asubuhi moja, hatukuwa tumepata hata kuuliza.

Shambani miembe ilikuwa imebeba. Mtu wa Malindi hudhani anaijua embe. Lakini ngowe iliyoivia mtini, ikaanguka yenyewe usiku, ikaokotwa na umande wake, ni tunda jingine kabisa. Watoto walikula mpaka viwiko. Chini ya miti, hata hivyo, tuliona marundo yaliyoanza kuoza. Magari ya wanunuzi huja yapendapo na hutaja bei yapendayo. Mkulima asiye na pa kuhifadhi huuza kwa hasara, au huacha. Tulijiuliza ni mara ngapi tumenunua embe hizi sokoni bila kuuliza zimetoka wapi, tukalalamika kuwa ni ghali.

Bibi mdogo, aliyekuja amebebwa kwenye mtumbwi kama malkia, akatuongoza kwa bakora yake hadi kwenye mwembe mmoja mzee karibu na ukingo. Akamwambia mama yetu, "Huu ni wa mama yako."

Mama alidhani anaeleza habari za zamani. "Ulikuwa wake," akasema.

"Ni wake. Baba alipogawa, kila mtoto alipata wake. Dada yangu alipoolewa Malindi, mti haukuolewa naye. Na alipofariki, ukawa wako. Kila msimu tunachuma, tunatenga fungu lako. Hukuja. Tuliuze? Si letu. Tuliache lioze? Ni dhambi. Nikasema wapewe watoto wa madrasa, thawabu zimfikie dada yangu."

Kwa muda hatukusikia ila mto. Misimu 14. Miaka ile yote tuliyodhani kwamba tumesahauliwa kwa kuwa tumesahau, fungu letu lilikuwa likichumwa, likihesabiwa na kutolewa sadaka kwa jina la marehemu bibi yetu, bila barua, bila simu ya kutukumbusha, bila kinyongo. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba kuunga udugu huleta baraka katika riziki na umri. Hatukuwahi kufikiri kwamba upande mmoja unaweza kuushika uzi peke yake kwa muda mrefu hivyo. Mama aliliegemea shina la ule mwembe, akalia. Bibi mdogo akamwacha alie, akatwambia sisi tuokote zilizoanguka, fungu la mwaka huu tuchukue wenyewe.

Ndugu yetu, ambaye ni mtu wa vipimo, akahesabu hatua kutoka shinani hadi ukingoni. Zilikuwa 11. Mto hula kingo zake na kuhamia utakako, na mafuriko ya mwisho yaliondoka na miembe miwili ya jirani. Bibi mdogo alieleza kwamba zamani maji yalikuja kwa zamu zake, mara mbili kwa mwaka, yakafunika mashamba, yakaacha tope jipya lenye rutuba, na watu wakapanda mpunga yakipungua. "Yalikuwa mgeni anayebisha hodi," alisema. "Siku hizi ama haji, ama huvunja mlango." Huko juu mto umezuiliwa na mabwawa ya kuzalisha umeme, Masinga lililo kubwa likiwa limekamilika mwaka 1981, na mvua nazo hazifuati tena kalenda ya wazee. Taa zinazowaka majumbani mwetu zina hesabu yake hapa.

Siku ya tatu, asubuhi, alikuja mama mmoja wa Kiorma na kidumu cha maziwa. Watoto wetu walimtazama kwa wasiwasi. Walikuwa wamesikia habari. Yeye aliingia uani kama aingiavyo mwenyeji, akatoa salamu, akaketi mkekani na kuuliza hali ya miguu ya bibi mdogo. Bibi mdogo naye akamuuliza habari za ndama wake mgonjwa. Maziwa yalikuwa na harufu nyepesi ya moshi wa chombo kilichofukizwa, matamu kupita yote tuliyokunywa. Aliondoka na embe na mahindi, wala hatukuona fedha ikitoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Alipokwisha kwenda, bibi mdogo akatufahamisha neno malka. Malka ni njia inayoachwa wazi baina ya mashamba ili mifugo ifike mtoni kunywa. Mkulima akiilima, ng'ombe watafia kiu; mfugaji akiiacha na kupita shambani, watoto watalala njaa. "Watu wakikwambia sisi na Waorma ni maadui," akasema, "waulize: ni nani aliyenipa maziwa nilipofiwa? Ugomvi upo. Lakini Ijumaa tunasali safu moja, na mtu huwezi kumwacha mwenzako wa safu afe kiu. Malka ikiwa wazi, moyo huwa wazi." Yule wa miaka 12 aliuliza malka yenyewe iko wapi, wakaenda kuiona na binamu zake, na wakarudi na miguu ya tope hadi magotini.

Tulipofunga mizigo, wanawake wa ukoo walituletea mikeka. Tumeitandika mikeka ya ukindu maisha yetu yote, katika harusi na katika maulidi, bila kuwahi kuuona mkindu wenyewe ukikatwa makuti yake machanga, yakaanikwa, yakachanwa, yakatiwa rangi na kusukwa ukili kwa ukili. Shangazi mmoja alimkalisha binti yetu, akamshika vidole, akamfundisha kuanza. Binti amesuka ukili wa urefu wa shubiri moja, umepinda kama mto wenyewe. Ameutundika chumbani kwake, na haruhusu mtu kuugusa.

Wakati wa kuagana bibi mdogo hakutuuliza tutarudi lini. Alimpa mama kitambaa kilichofungwa fundo, ndani yake mna kokwa 6 za mwembe ule. "Mto ukiuchukua," akasema, "usinichukulie na dada yangu."

Njiani kurudi watoto hawakununa. Walibishana ni nani atakayewahadithia wenzake shuleni kwanza, na ataanza na mamba au na wimbo. Sisi wakubwa tulikuwa kimya zaidi. Fedha tuliyotumia ilikuwa chini ya nusu ya ile ambayo Mombasa ingetugharimu, lakini hesabu iliyotushughulisha ilikuwa nyingine: hatua 11, na umri wa mzee anayeketi barazani.

Wasomaji wetu, huenda nanyi mnayo Kinakomba yenu: Faza au Kipini, Vanga au Marafa, kijiji ambacho jina lake hutajwa nyumbani kila Idi na kuahirishwa kila Idi. Hatuwezi kuwaahidi kwamba mtakuta mwembe. Tunalosema ni kwamba tulikwenda tukidhani tunawapelekea wazee zawadi ya kuwazuru, tukakuta sisi ndio tuliokuwa tukidaiwa na kusamehewa kila msimu.

Kokwa zile tumezipanda uani, nyuma ya jiko, na 4 zimeota. Mama huzimwagilia maji mwenyewe baada ya Alasiri, wala hataki msaada. Na tangu turudi hajasema tena "Idi ijayo". Ametaja tarehe: mwezi wa Februari, kabla ya masika, inshaallah. Gari limekwisha kulipiwa nusu.